Koti Lililochaguliwa

Jumapili, 11 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote niambie goti linaendeleaje, na kama bado unapanda zile ngazi za kazini kwa kujishikilia ukutani. Shemeji msalimie sana, na wanangu wawili waambie mama mdogo wao hajawasahau. Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri, anasinzia mbele ya redio, na ukiizima anafumbua macho na kudai kwamba alikuwa anasikiliza.

Barua yako niliipata Jumatatu tarehe 28 Aprili. Nimeiandika kwenye shajara, kwa hiyo siwezi kusingizia posta. Nimechelewa kujibu kwa makusudi, na sababu yake imo humu, ingawa sijui imo sehemu gani hasa. Nitakueleza mambo yalivyofuatana, tarehe kwa tarehe, huenda nami nikaelewa nikifika mwisho. Najua unacheka. Si wewe uliyenipa jina la Kalenda?

Kituo chetu, kama unavyojua, hupokea wakimbizi wanaoletwa na basi kila Jumanne na Alhamisi. Tangu nianze kazi, kila aliyefika alikuwa anakabidhiwa mfuko getini, umeshafungwa: blanketi, sabuni, sufuria na nguo mbili za kukisia. Niliona mwanamume mrefu akiondoka na suruali iliyoishia katikati ya miguu. Niliona bibi kizee amepewa jezi ya mpira. Nikaandika pendekezo la kurasa nne, kwamba ghala la nyuma ligeuzwe ukumbi mfano wa duka, wageni waingie, watazame, wajaribu, wachague wenyewe. Mkuu wa kituo alilisoma akiwa amesimama. Akasema sawa, ananipa hadi mwisho wa Mei, na kama watu hawautumii ukumbi tunarudi kwenye mifuko. Akaongeza kwamba kichwa cha kupanga vitu anajua ninacho, sasa tuone kama nina kichwa cha kupanga watu.

Nilipanga kweli, dada. Nguo zilifuata ukubwa, viatu vilifungwa jozi kwa jozi, mablanketi yalikaa usawa wa kiuno ili wazee wasiiname. Palikuwa na pazia la kubadilishia, kioo kirefu na birika la chai. Halafu kuna mishale. Niliikata kwa utepe wa manjano nikaibandika sakafuni kutoka mlangoni, meza ya kwanza hadi ya mwisho, watu wasije wakagongana. Niliionea fahari mno ile mishale.

Jumanne tarehe 4 Machi wageni thelathini na mmoja waliingia. Wakafuata mishale mmoja nyuma ya mwenzake, mikono imeshikamana mbele, wakazunguka ukumbi mzima na kutokea mlango wa nyuma. Hakuna aliyegusa hata soksi. Nilibaki nimesimama na orodha yangu kama mwalimu aliyekimbiwa na darasa. Mkalimani wetu ni mzee ambaye naye aliletwa na basi hilohilo, miaka tisa iliyopita. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia kwa upole kwamba watu hawa wamevuka vituo vya ukaguzi vinane, na kote huko mstari wa sakafuni ulikuwa na maana moja tu: usitoke nje yake. Akaniuliza, binti yangu, wewe ulitaka wachague au waandamane?

Nikaing'oa mishale kwa kisu. Haikusaidia. Sasa waliingia na kusimama kando ya ukuta, wakingoja kupewa. Ukimwambia mtu achague, anakushukuru na kuendelea kusimama. Mkalimani alisema wanaogopa kuonekana walafi siku ya kwanza, kwamba anayechukua kizuri ataandikwa mahali. Wiki tano zilipita hivyo. Mwishowe nilikuwa nawajazia mifuko mwenyewe, yaani kazi ileile ya getini, ila ndani ya chumba chenye kioo.

Mimi nikafikiri kosa ni la vitu. Nguo za msaada, dada, nyingine mtu angeona haya kufutia meza. Nikasema ukumbi unahitaji kitu kimoja kizuri mbele, mgeni akiingia ajue hapa hatukumwekea makombo. Basi Jumanne tarehe 8 Aprili nilifungua kabati la mama nikatoa lile koti la kijani, la vifungo vikubwa. Nililitundika karibu na kioo. Kwenye mkono wa koti nilibana karatasi kwa pini: LA MAONYESHO, SI LA KUCHUKUA. Nimeandika karatasi nyingi maishani, na hii niliiandika kwa lugha yetu, kwa watu wasiojua lugha yetu. Sikuligundua hilo hata kidogo.

Kati ya waliofika siku hiyo alikuwepo mwanamke mwenye mabinti wawili wakubwa. Alisimama ukutani kama wenzake. Kisha akatoka, peke yake, akavuka ukumbi moja kwa moja hadi kwenye kioo. Akalivaa koti. Akafunga kifungo cha kwanza, cha pili, vyote vitano, akageuka upande huu na upande ule. Binti yake mkubwa akasema kitu na watu wakacheka. Nilimuuliza mkalimani, akanieleza: amemwambia mama yake kwamba sasa wataanza kuleta posa kwa mama badala ya kwao. Hapo mzee mmoja akanyoosha mkono akachukua kofia. Mwingine akachukua viatu. Kufika saa sita meza zangu zilikuwa zimevurugika kama soko siku ya gulio, na watu walikuwa wakibishana kuhusu rangi.

Yule mwanamke alikuja kwangu kuonyesha alichochagua, kama utaratibu wangu ulivyosema. Karatasi ilikuwa bado inaning'inia mkononi. Nilichomoa pini, nikaitia karatasi mfukoni mwangu, nikamwambia limempendeza.

Ndiyo, dada. Koti la mama halipo. Ningekuwa na ujasiri ningelisema kwenye mstari wa kwanza.

Siku ishirini baadaye ndipo barua yako ikafika, ukisema unakuja tarehe 24 Mei na umeshaamua kuhusu vitu vya mama: vyombo nichukue mimi, vitambaa tugawane, ila koti nikuwekee, kwa sababu ndilo alilovaa mama siku alipokusindikiza kwenda kuanza kazi. Niliisoma nimeketi kitandani. Nikaisoma kazini. Nikaanza kutembea nayo kwenye mkoba. Nilimgusia baba, akasema hayo ni ya mabinti zake wawili, yeye asiingizwe.

Bado kuna jingine, na hili ndilo linalonichanganya zaidi.

Jumanne iliyopita, tarehe 6, yule mwanamke alirudi. Mkalimani ulimi ulikuwa umemteleza, alimwambia koti lilikuwa la marehemu mama yangu. Alikuja nalo limefuliwa, limekunjwa, limefungwa kwenye gazeti. Akasema hawezi kuvaa nguo ya mama wa mtu wakati watoto wa marehemu wapo na huenda wanaitaka. Akaliweka mezani mbele yangu. Ukumbi ulikuwa umejaa na kila mtu alikuwa anatazama.

Ningeweza kulichukua. Lilikuwa pale, dada, ningenyoosha mkono tu, na tarehe 24 ungelikuta kabatini wala usingejua kama liliwahi kutoka. Nililisukuma likarudi kwake. Nikasema, kupitia mkalimani, kwamba koti si langu peke yangu, ni la dada yangu mkubwa pia, na kwamba dada ameniandikia, amefurahi kusikia limempata yeye. Barua yako ilikuwa kwenye mkoba uliokuwa begani mwangu.

Kwa nini nilisema vile sijui. Najiambia niliwaza kwamba wakiona kilichochaguliwa kinarudishwa, hakuna atakayegusa kitu tena, na ukumbi umekwisha. Ni sababu nzuri. Lakini sina hakika kama niliiwaza palepale mezani au niliitunga nikiwa njiani kurudi nyumbani. Nimeangalia shajara. Mimi ninayeandika mpaka idadi ya vikombe vya chai, siku hiyo niliandika maneno matatu: Amerudisha koti. Nimekataa. Hapo ndipo ninapotafuta na sioni. Pengine nilichoka kulifungulia kabati kila Jumapili na kulikuta linangoja. Pengine nilitaka tu kuwa mtu mwema mbele ya watu, kwa mali ambayo nusu yake ni yako.

Yule mwanamke alilia. Akauliza unaitwa nani na kama utakuja huku, nikamwambia yote, hata tarehe. Ijumaa mkuu wa kituo aliniita akasema ukumbi utaendelea, mifuko basi. Nilitegemea ningefurahi. Nilimwendea mkalimani nikamwomba tufuatane kwa yule mama nikamweleze ukweli. Akavua miwani akasema uongo wangu ameutafsiri kwa kinywa chake, na huo ukweli nitafute mkalimani mwingine.

Sasa nakuachia wewe, maana mimi nimeshatumia jina lako mara moja bila ruhusa. Ukiniandikia kabla ya tarehe 20 kwamba unalitaka, nitakwenda mwenyewe, hata kwa ishara za mikono. Usiponiandikia, basi ujue kwamba siku utakayoshuka hatutakuwa mimi na baba tu. Yule mama ameomba aje kukupokea. Atakuwa amelivaa, vifungo vyote vitano, na atakushika mikono akushukuru kwa wema ambao hukuutenda. Mkalimani atakuwa pembeni akingoja utamke neno alitafsiri. Sijui utasema nini. Nakuomba usiseme hapohapo mbele yake. Mimi utanisema vyovyote utakavyo tukifika nyumbani.

Baba anakusalimu, anasema umletee betri za redio. Wabusu watoto, na hilo goti ulipumzishe.

Ni mimi mdogo wako,
Kalenda