Nani Anafumua Suruali za Mume Wangu?

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu, na baada ya salamu naomba msaada wako haraka, kabla sijaingia kwenye kibanda cha watu nikiwa na mkasi mkononi.

Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko chumba cha mbele, na mume wangu ni kinyozi, kibanda chake kiko mtaa wa pili, ni mtu mpole asiye na makuu na kosa lake lilikuwa moja tu, tumbo. Tulipooana alikuwa mwembamba, kisha maisha yakatulia akaanza kujaa, ikawa kitambi kinatangulia mlangoni yeye anafuata nyuma, nami nikaingiwa na hofu kwa sababu baba yangu mzazi alikufa kwa presha akiwa na kitambi kama kile, na kila nikimwambia baba watoto punguza kula ananijibu kwamba kitambi ni cheti cha mke mwema, basi nikaona maneno hayamwingii, nikatumia ninachokijua. Nikachukua suruali zake, moja baada ya nyingine, nikazipunguza kiunoni, nusu inchi tu, nikarudishia mshono vizuri na pasi juu, asubuhi anavaa, kifungo hakifiki, akaniita, "Mama watoto, hebu njoo uone, nimenenepa," nami nikamwambia si nilikwambia. Mshauri, wiki ile alikula kama mgeni, nikawa nacheka peke yangu jikoni.

Furaha yangu haikudumu. Njaa ilimrudia, tena si njaa ya mtu mmoja, anakula sahani yake, anamalizia za watoto, mkate wa asubuhi ananunua miwili, mmoja wa nyumba na mmoja wake, na juzi nilipompelekea taulo nilizofua nikakuta kwenye droo ya mashine za kunyolea maganda ya mayai, anakula amejificha nyuma ya kioo, baba mzima! Nilipomuuliza akatazama chini akasema, "Mke wangu, sijui nina nini, tumbo linaniambia nimeshiba lakini kichwa kinaniambia kula." Kichwa! Nikamwambia kichwa hakina utumbo. Mama mkwe naye badala ya kunisaidia anasema nimwache mwanawe, kwa baba yake ndivyo walivyo, eti shangazi yake mmoja alikuwa anakula mpaka wakambandika jina la Ghala, na bado alikufa mwembamba kama ufagio na macho yamemtoka, kwa hiyo ni damu na damu haina dawa.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie. Mtu anayekula hivyo suruali inapaswa kumpasukia, au nakosea? Lakini nikizipunguza zinambana siku mbili tatu, analalamika kwamba sasa hata maji yanamnenepesha, baada ya wiki kadhaa naziona zinaning'inia, zinataka kumvuka, nazipunguza tena, zinambana, zinalegea tena, nimefanya hivyo mpaka mifuko ya nyuma imekaribia kupeana mikono. Mimi si mjinga, mshauri, mshono wangu haulegei wenyewe. Kuna mtu anafumua. Kuna fundi mwingine, na namshuku yule mwanamke mwenye cherehani mpya karibu na kituo cha basi, yule anayechekacheka na wateja, mume wangu anapita kwake, anavua suruali, yeye anazifumua na kuzirudishia upana wake, na sitaki hata kufikiria wanafanya nini wakati suruali iko kwenye cherehani. Nilitaka ushahidi, nikageuza suruali moja, kwenye mshono wa nyuma kwa ndani nikapiga fundo la uzi mwekundu, ili akifumua nijue. Suruali ikalegea kama kawaida, nikaigeuza, fundo liko palepale na mshono ni wangu mtupu, yaani mwanamke huyo ana mkono kama wangu na hata uzi mwekundu ameutafuta akaupata! Nililia, mshauri. Mume labda mtu anaweza kugawana, lakini mshono wangu?

Na dalili zote za mapenzi anazo. Anatokwa na jasho hata kukiwa na baridi, feni haizimwi, usingizi hapati, nikiweka kichwa kifuani kwake nasikia moyo unakwenda mbio kama wa kijana aliyeandikiwa barua ya kwanza, na najua hauendi mbio kwa ajili yangu. Uso umechongoka, macho yamekuwa makubwa yanang'aa, na ukimgusa kidogo anawaka. Majirani wakimwambia amekonda anawajibu amekonda wapi, muulizeni mke wangu, suruali zinanibana, nami nainamia cherehani yangu. Halafu mikono inamtetemeka, bila shaka dhamiri inamsuta, na wiki iliyopita akamkata mteja sikio, kidogo tu, lakini mtaa mzima umesikia, sasa viti vya kibandani vinakaliwa na inzi, na watoto wetu wanakula kwa mikono hiyohiyo.

Nisaidie mshauri, nimfuate huyo mwanamke, au nimbane kwanza mume wangu aseme ukweli? Nampenda, ndiyo maana naumia.

Ni mimi, Fundi Niliyezidiwa Ujanja.

*

Fundi,

Barua yako niliianza nikicheka mpaka chai ikanipalia. Nilipofika kwenye mikono inayotetemeka nikaweka kikombe chini.

Kwanza, mkasi urudi mezani. Pili, muombe radhi kimoyomoyo yule dada wa kituo cha basi, ambaye dhambi yake ni kununua cherehani mpya na kuwa na meno ya kuchekea. Hakuna fundi mwingine. Fundo liko palepale kwa sababu hakuna aliyeligusa, na mshono unafanana na wako kwa sababu ni wako. Suruali haikuongezeka hata unywele, mwenzangu. Kilichopungua ni mume. Kutwa futi ya kupimia iko shingoni mwako, unapima viuno vya mtaa mzima, na cha mumeo hujakipima!

Mtu anayefuta sahani za nyumba nzima na bado anakonda si mlafi, ni mgonjwa. Mimi si daktari, na ugonjwa haupimwi kwa barua. Lakini yuko daktari mmoja ninayemsumbua kwa mambo kama haya, nikamsomea dalili zako, suruali nikaziruka kwa kukustahi, na kabla sijamaliza akaniuliza, "Shingo je? Pamevimba mbele?" Pale mbele ya koo kuna tezi ndogo, kazi yake ni kutoa homoni zinazouambia mwili uchome chakula kwa kasi gani. Tezi hiyo ikizidisha, mwili unakuwa kama jiko lililofunguliwa gesi yote: jasho, moyo mbio, usingizi hakuna, mikono inatetemeka, hasira za bure, wengine macho yanatoka, na kila kinacholiwa kinateketea kabla hakijageuka nyama. Hayo ndiyo mapenzi uliyoyaona. Inaweza kuwa tezi, inaweza kuwa kisukari, inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Ndiyo maana watu wakasomea kupima.

Na ulipomcheka kwa habari ya kichwa, ulimkosea sana. Siku ile mumeo alikuambia kweli tupu, pengine bila kujua. Tumbo ni mfuko tu. Mwenye kutoa amri ya kula ni ubongo, na huko chini yake kuna sehemu ndogo inayopokea habari kutwa kucha. Tumbo likiwa tupu linapeleka homoni ya kusema leta. Mafuta ya mwilini nayo yana homoni yao ya kusema tulia, akiba ipo. Sasa akiba ikiyeyuka kama ya mumeo, ile sauti ya tulia inafifia, na ubongo unamfokea ale, ale, ale, hata kama ndiyo kwanza amenawa mikono. Hapo unamwambia ajikaze? Hebu wewe bana pumzi kwa ajili ya nidhamu, tuone utafika wapi. Mwanamume mzima hajifichi nyuma ya kioo na yai la kuchemsha kwa raha zake. Ameona aibu, na aibu hiyo umemshonea wewe.

Mama mkwe wako amepatia nusu. Damu ndiyo, au niseme vinasaba, maana tunarithi pua na tunarithi tezi vilevile. Kuna koo ambazo vinasaba vyake vinawafanya washikwe na maradhi haya upesi kuliko wengine, na kuna koo ambazo mtu akinusa tu wali anaota kitambi, hata kile cha mumeo cha zamani sidhani kama kilikuwa kazi ya sahani peke yake. Huyo marehemu aliyeitwa Ghala, alikula akakonda, macho yakamtoka, huenda alikuwa na ugonjwa huohuo, na ukoo mzima ukakaa kumtania mpaka kaburini. Inasikitisha, lakini imeshapita. Mama mkwe alipokosea ni aliposema haina dawa. Tezi ina dawa. Watu wanatibiwa, mikono inatulia, wanarudi kazini.

Sasa nikugombeze, maana hukuniandikia ili nikubembeleze. Hofu yako ilikuwa ya haki, na kwa baba yako nakupa pole ya dhati. Lakini mwenye kuhofia afya ya mumewe humpeleka akapimwe, hampunguzii suruali. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyoambiwa, ila walioutunga msemo huo hawakuwahi kukutana na mtu anayeficha maradhi ya mwenzake kwa sindano na uzi, tena na pasi juu. Majirani waliona. Aliyekatwa sikio aliona. Mwenyewe angeona zamani, lakini kila mwili wake ulipotaka kumwambia kitu, wewe ulikuwa umeshawahi kwenye cherehani kuunyamazisha.

Na hatari yenyewe ni hii, ndiyo maana nimeijibu barua yako kabla ya nyingine zote. Ukimpeleka hospitali huku mdomo wako umefungwa, daktari atamuuliza, "Uzito umepungua?" Naye maskini kwa moyo safi atajibu, "Hapana daktari, nazidi kunenepa, suruali zote zinanibana." Basi ataambiwa apunguze kula na afanye mazoezi, na moyo ule unaokimbia hata akiwa amekaa utakimbizwa barabarani. Mizani itasema uzito wa leo. Haitasema wa mwaka jana. Anayeujua mwili wake wa mwaka jana, inchi kwa inchi, ni wewe peke yako.

Basi fanya hivi. Lazima ipo suruali moja ambayo mkasi wako haukuifikia, ya suti ya harusi pengine, au iliyosahaulika chini ya sanduku. Itoe, mwambie aivae mbele yako. Itaanguka. Usicheke, na kulia subiri kidogo. Mwambie yote, tangu nusu inchi ya kwanza, na huyo fundi wa kituo cha basi umtaje pia ili ajue umeteseka wapi. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, ingawa sehemu ya hasira hiyo huenda ni ya tezi, usiibebe yote. Kesho asubuhi kibanda kifungwe, mwende hospitali wote wawili, na akiulizwa habari ya uzito, wewe ndiye utakayejibu amepungua inchi ngapi, kwa sauti ileile unayomtajia mteja vipimo. Taja na shangazi. Usimnunulie dawa ya kunenepa wala ya kupunguza njaa, hata ukiletewa mlangoni. Akikosa pumzi, akiumwa kifua, au moyo ukimwenda ovyoovyo, hakuna cha kesho, ondokeni saa hiyohiyo. Wembe asiushike mpaka mikono itulie, masikio ya watu hayaoti tena. Na kwa sasa mpe chakula, sahani ijae, aketi mezani na wanawe ale kama baba mwenye nyumba.

Jambo la mwisho. Najua utatafuta saa nzuri ya kumwambia. Utasema ngoja kwanza ale, ashibe, moyo wake utulie, ndipo nianze. Fundi, huyo mume wako hashibi. Mwambie leo, na njaa yake hivyohivyo.