Sivai Kibao

Mabatini, Jumanne. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ikakatika saa nane na kuacha matope kila mahali.

Nina hasira, na sitaki mtu anitulize.

Siku hizi hapa Mwanza kila mtu anakimbilia Kiingereza. Viwanda vya samaki vinafunguliwa, wageni wanashuka na mabegi yao, na hoteli mpya kule ziwani inatafuta watu wa mapokezi. Nimeahidiwa nafasi, mradi nipeleke cheti. Ndiyo maana kila alasiri naacha meza yangu ya mitumba nakwenda kozi, nyuma ya mashine ya kusaga.

Kiingereza chenyewe nakipenda, nisiseme uongo. Wiki hii tuko kwenye vitenzi vinavyobeba neno dogo mgongoni. "Look" peke yake ni kutazama tu. Ukisema "look for" unatafuta, "look after" unatunza. "Look down on" ni kumdharau mtu, na "look up to" ni kumheshimu kwa dhati. Navikariri nikikunja nguo, mpaka wateja wamenizoea.

Shida ni kibao. Ukitamka Kiswahili kwenye ua wa kozi, unavishwa kibao cha mbao shingoni, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba wewe ni mjinga. Unakaa nacho mpaka umnase mwenzako akikosea, umvishe yeye. Watu wazima na familia zetu, tunawindana kama paka na panya.

Leo alikuwa nacho Shija, kinyozi. Wakati wa mapumziko akaingia Mayu, mama mkwe wangu, ameniletea mwavuli, mvua isije ikarudi. Nikafanya anachofanya kila mkamwana wa Kisukuma: nikapiga magoti palepale kwenye matope.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamwona Shija na kibao chake, akampa mkono wa hongera. Alidhani kashinda kitu.

Shija hakucheka. Alikivua haraka, akaninyooshea kidole. Mwalimu, kijana ambaye ningeweza kuwa dada yake mkubwa, akanijia nacho mkononi. Mayu alikuwa bado amesimama, anatabasamu, anangoja kuona na mimi nimeshinda nini.

Nikakataa.

Mwalimu akasema kesho nikivae kabla sijaingia darasani, la sivyo nisahau cheti.

Mume wangu anasema nikivae tu yaishe, shingo haipungui. Rahisi kwake. Huyo ni mama yake mzazi, tena ndiye anayeshinda na watoto wetu ili mimi nikakariri hivyo vitenzi. Nimsalimu nimesimama wima, "good afternoon", kama karani wa benki? Cheti nakitaka, tena sana, na nikikikosa nitalia. Najua mtaka cha uvunguni sharti ainame. Lakini leo nimeshainama, na niliyemwinamia anastahili.

Kazi ya nyumbani ni sentensi moja yenye "look up to". Nimeshaiandika. Kesho nitaingia na shingo tupu na kuisoma kwa sauti, mwalimu asikie na Shija asikie: "I look up to my mother-in-law."

Ni sahihi, hata mwalimu hawezi kuikosoa. Aiwekee tiki kwanza, ndipo anifukuze.