Helmeti ya Dhahabu ya Timu ya Mkiani

Harjukoski,
Jumanne, 12 Aprili 1994

Baba yangu,

Shikamoo. Pokea salamu za mwanao, ambaye leo anakuandikia akiwa ameegemea upande mmoja kwa sababu ubavu wa kushoto haumruhusu kukaa kama watu. Mama hajambo? Goti lake limepata nafuu, au bado anashuka ngazi kinyumenyume? Na mgongo wako je? Dada Sirkku ameniambia umepasua kuni za mwaka mzima peke yako, na jirani alipokuja kusaidia ukamfukuza. Baba, una miaka sitini na nane! Lakini kukuambia wewe upumzike ni kumpigia mbuzi gitaa, basi niishie hapo. Huku kwetu theluji inayeyuka, barabara ni matope matupu, na mimi ni mzima, ukiondoa huo ubavu na jino moja la mbele.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Tusidanganyane, Baba, wewe simu huiwezi. Unaitikia "ndiyo" mara mbili, unakohoa, halafu unampa Mama. Mimi nina mambo yasiyopita kwenye simu. Naomba uisome barua hii mpaka chini kabla hujasema neno lolote pale kituo cha mafuta mnapokunywa kahawa na wenzako.

Nianze na aibu, maana ndiyo iliyotangulia. Msimu wetu wa magongo ya barafuni umeusikia wote redioni, lakini redio ina huruma. Mechi arobaini na nane, tumeshinda kumi na moja. Kumi na moja, Baba! Kuna jioni tulifungwa tisa kwa moja hapahapa nyumbani, na hilo moja ni kisahani kilichomgonga mtu wao kwenye goti kikaingia chenyewe. Airi, yule mama anayeuza soseji na kahawa langoni, alinisimamisha akaniambia kuwa zamani alikuwa akichoma soseji mpaka mkono unakufa ganzi, na mwaka huu anazila mwenyewe, ananenepa kwa sababu yetu. Kila nikipita ananionyesha tumbo. "Hili ni la kwenu," anasema.

Mwezi wa Januari uongozi ukaona hakuna cha kuokoa, wakaanza kuuza watu. Wafungaji wetu wanne wa juu waliondoka mmoja mmoja. Na unajua desturi ya ligi yetu: mwenye pointi nyingi kwenye timu, mabao na pasi za mabao zikijumlishwa, ndiye anayevaa helmeti ya dhahabu, ili hata mtoto aliyekaa juu kabisa amwone. Basi ile helmeti ikageuka mkosi. Aliyeivaa leo, kesho anafungasha mizigo. Ilihama vichwa vinne ndani ya wiki tano. Kocha wetu Hietamies, ambaye ulimi wake unaujua, alituambia kwamba sasa anaogopa hata kuitundika ukutani, isije ukuta nao ukauzwa.

Mwishowe tulibaki wawili tunaolingana pointi, mimi na Janne Tuokko. Huyu Janne ana miaka ishirini na minne, na ni mchezaji kwelikweli. Alivunjika kifundo cha mkono Septemba, akarudi Desemba, na kwa nusu ya msimu alikusanya pointi kumi na nane ambazo mimi nilizikusanya kwa msimu mzima, nikikwangua kama mtu anayekwangua ukoko. Siku ya mechi ya mwisho ya ligi tulipata bao moja, na pasi ya bao hilo ikatangazwa kuwa ni yangu. Nikawa na kumi na tisa. Kwa hiyo helmeti ikatua kwenye kichwa changu mimi, Ilmo Rautiola, miaka thelathini na minne, mtu wa kikosi cha nne, wale wanaoingizwa mwisho.

Tulimaliza wa mwisho. Ikabidi tucheze na vijana wa Lumikko, mabingwa wa daraja la chini, mechi mpaka saba. Atakayetangulia kushinda nne ndiye anayekaa ligi kuu. Bodi ilishatuambia waziwazi kuwa tukishuka timu inafungwa, na uwanja utageuzwa ghala la mbao. Na nilikuwa na langu la moyoni pia, Baba. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, tukiwa kando ya ule uwanja wa kijijini uliokuwa ukiumwagia maji wewe mwenyewe kwa bomba mpaka yagande, uliniambia kwamba mimi si mchezaji, mimi ni wa kuwabebea wachezaji magongo. Pengine umesahau. Mimi sijasahau hata siku moja. Nimecheza miaka kumi na saba nikilijibu neno hilo, na kila mechi nilijua uko jikoni na redio yako.

Lumikko walipoona helmeti inang'aa walifanya kile ambacho timu yoyote ingefanya. Walimpa kazi Kontturi, jitu lenye mabega ya mlango wa ghala, asiniache hata nikienda kunywa maji. Aliniandama tangu mechi ya kwanza. Alinibamiza ukutani, alinikalia, alinitia gongo mbavuni refa akigeuka. Na mdomo wake! Aliniita babu. Aliniuliza hiyo helmeti nimeiazima kwa nani, na nitairudisha lini. Nilikuwa nikiyajibu matusi yake yote, ila hilo la kuazima sikulijibu.

Tulishinda, tukashindwa, tukashinda, tukashindwa, hadi zikawa tatu kwa tatu. Mechi ya saba ikawa Jumapili, hapa nyumbani. Airi aliishiwa soseji kabla ya mechi kuanza! Watu walisimama kwenye ngazi, wakakaa kwenye madirisha, na wale waliotuzomea tangu Oktoba walikuja na ngoma. Kocha aliingia chumbani kwetu, akatutazama mmoja mmoja, akasema kuwa msimu huu tumemtia mvi, vidonda vya tumbo na ugomvi na mkewe, na anachotuomba ni dakika sitini tu za kutomtia aibu. Kisha akaniita pembeni. Kumbe alikuwa ameona jambo ambalo mimi, kwa kupigwa, sikuwa nimeliona. Kila nikienda kona ya kushoto, si Kontturi peke yake anayenifuata. Na mwenzake anakuja. Watu wawili kwa ajili ya mzee mmoja. Akaniambia, "Ilmo, leo usifunge. Leo tembea. Wapeleke mbali."

Nikatembea, Baba. Sijawahi kuteleza vile maishani. Nikienda kushoto, wawili nyuma yangu. Nikirudi katikati, wawili. Wao walipata la kwanza, Janne akasawazisha akiwa peke yake mbele ya lango kama mtu aliyesahauliwa sokoni. Wakapata la pili. Zikiwa zimebaki dakika nne Janne akasawazisha tena, na paa la uwanja likatikisika mpaka theluji iliyobaki juu ikaporomoka, tukaisikia. Jino langu lilitoka kipindi cha pili. Nililiokota nikamtupia daktari, nikarudi ndani.

Tukaingia muda wa nyongeza, ambapo bao moja linamaliza kila kitu. Ilikuwa dakika ya sita. Kisahani kilikuwa kwa beki wetu. Nikafanya kama nimeona upenyo, nikapiga gongo langu kwenye barafu mara mbili, tap, tap, kama mtu anayedai pasi, nikakimbilia kona ya kushoto kwa nguvu zangu zote. Pasi yenyewe sikuitaka. Kontturi na mwenzake wakanijia kama treni. Nilijua kinachokuja, na nilikingoja. Wakanigonga, tukaanguka wote watatu, uso wangu kwenye barafu, jitu limenilalia juu, na ubavu ukalia ndani yangu.

Bao lenyewe sikuliona. Nilisikia tu. Ilikuwa kelele ambayo sijawahi kuisikia na sidhani kama nitaisikia tena. Kontturi, akiwa bado juu yangu, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, "Nani kafunga?"

Nikamwambia, "Yule uliyemwacha."

Tatu kwa mbili! Tumebaki, Baba! Watu wakaruka ukuta wakaingia kwenye barafu na viatu vyao, wanaanguka, wanacheka, wanainuana. Bibi mmoja alinibusu kwenye damu. Airi alimkumbatia kocha, na kocha akalia mbele za watu bila hata kujificha uso. Timu yenye ushindi kumi na moja imesherehekea kutoshuka kuliko wengine wanavyosherehekea kombe, na atakayetucheka na acheke. Uwanja wetu hautakuwa ghala la mbao.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Baada ya mechi ulinipigia simu. Wewe mwenyewe, si Mama. Ukaniambia umesikia yote, ukaniambia kwamba sasa wewe una mwana mchezaji, na kwamba niilete hiyo helmeti ya dhahabu uitundike pale kituo cha mafuta, juu ya mashine ya kahawa, wanaume wa kijiji waione. Nilikuaga harakaharaka. Ukadhani ni jino.

Baba, ile pasi ya mechi ya mwisho ya ligi haikuwa yangu. Kisahani sikukigusa. Nilikuwa nimelala kifudifudi mbele ya lango, nimejinasa miguuni mwa beki wao. Aliyetoa pasi ni Janne. Bi Lahja, anayeandika takwimu zetu, aliona namba yangu mgongoni kwenye ule msongamano akaniandikia mimi. Unajua desturi: mchezaji akipewa kisicho chake, anamwambia nahodha, na nahodha anakwenda mezani kabla ya watu kutoka uwanjani. Dakika moja tu inatosha. Nilisimama pale nikisikia jina langu linatangazwa, nikajua limekufikia jikoni, nikakuona ukiweka kikombe chini. Nikanyamaza. Nilivaa kichwani kitu cha mwenzangu kwa wiki nne, kwa sababu yako. Sikulaumu. Mdomo ulikuwa wangu, na ni mimi niliyeufunga.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Janne na helmeti ndani ya mfuko wa plastiki. Mkewe alikuwa ametoka kuoka mkate wa iliki, nikakataa hata kukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Kaka, ulidhani sijui gongo langu limefanya nini? Nilijua palepale! Ila nani anaitaka hiyo balaa kichwani, apigwe kama godoro la hoteli? Nikasema acha mzee afurahi." Kwa hiyo na yeye alinyamaza. Nikamkazania. Tulikwenda wote kwa Bi Lahja, akavaa miwani, akakata jina langu, akaandika la Janne juu yake, kisha akatugombeza kama watoto walioiba sukari. Sasa kitabu kinasema Janne kumi na tisa, mimi kumi na nane. Gazeti la Alhamisi litachapisha masahihisho. Wenzako watalisoma, na wana midomo, wale. Nimetaka ulisikie kwangu kwanza.

Helmeti sitaileta. Iko kwa Janne, ndipo mahali pake. Samahani, Baba, kwa kukufanya ujivunie kitu ambacho hakikuwepo. Nimeona haya, na bado naona.

Lakini na hili nalo naomba ulisikie kwangu. Mechi ya saba haikusahihishwa na mtu, imeandikwa sawasawa. Tafuta jina langu: mabao sifuri, pasi sifuri. Na ndiyo mechi bora niliyowahi kucheza. Nilipokuwa nimelala chini ya jitu lile, sina hewa, sina jino, nilijua mimi ni mchezaji, na kwa mara ya kwanza sikuwa nikiwaza kama unasikiliza. Wakikuuliza pale kituoni, usibishane nao juu ya helmeti. Waambie mwanao hakupata hata pointi moja, na Harjukoski imebaki ligi kuu.

Msalimie sana Mama, mwambie jino la bandia linatengenezwa na sitaonekana mzee kuliko yeye. Msalimie Sirkku na watoto. Daktari amesema nipumzike wiki tatu, kisha nitakuja, tuoge mvuke wa sauna, na kuni zilizobaki tutapasua wawili, utake usitake.

Mwanao akupendaye,
Ilmo