Fahali wa Ukuta wa Kanduyi

Mjukuu wangu Nekesa,

Tangu Kitale ijengwe haijaona mchoraji kama mimi; hata mbuzi husimama kumsalimia yule niliyemchora ukutani kwa bucha. Sisi wazima. Na usicheke ati nina miaka ishirini: mimi ni mdogo wake babu yako, kwa hivyo mimi pia ni babu, kuka wako, na heshima yangu iko palepale.

Umeuliza kama uache kuchora kwa sababu unafeli hesabu. Nani huyo amekwambia? Nimekasirika mpaka nimemwaga rangi!

Mimi pale shuleni Kanduyi nilikuwa wa mwisho darasani. Madam wa hesabu alikuta fahali nyuma ya karatasi yangu ya mtihani. Badala ya kiboko, akanipa rangi iliyobaki ya geti. "Mchore ukutani, wote wamwone." Nikamchora, na pembe hizo, bana!

Mwenyekiti wa wazazi akaja akifoka: "Ati ng'ombe wa miguu mitatu! Huyu hata kuhesabu hajui, na nyinyi mnampa ukuta? Pakeni chokaa!"

Chokaa! Mpaka leo damu inachemka.

Madam akasimama mbele ya ukuta. "Mzee, mguu wa nne umefichwa na mwingine. Ng'ombe akisimama kiubavu si huwa hivyo?"

Mwalimu mkuu akainamisha kichwa, akatazama sana. "Hata mimi nauona."

Chokaa ikarudi stoo.

Kwa hivyo chora, mama. Akija mtu na chokaa, niite.

Lakini usimwambie yeyote: ule mguu haukufichwa na kitu. Niliusahau, na walimu wangu wote wawili walijua.

Kuka wako,
Wafula