Likizo ya Fundi Bomba

Dada yangu,

Huku bandarini mvua haijakatika tangu tushuke kwenye kivuko, na mwavuli shemeji yako ameusahau nyumbani. Ulisema siku mbili za peke yetu zitatupa nafasi ya kuongea. Kumbe bomba la chumba chetu cha gesti linavuja, na bwana fundi kaja likizo na spana zake. Tangu jana yuko chini ya sinki. La kwetu nyumbani linavuja mwaka wa pili huu, hajaligusa.

Leo asubuhi nikamwambia, “Nimechoka. Nataka kuhamia kwa dada.”

Akatega sikio ukutani. “Subiri kwanza, nasikiliza maji.”

Kivuko cha kurudi kinaondoka saa nane. Nitandikie kitanda, cha mtu mmoja.

Mdogo wako, niliyelowa chapachapa