Pikipiki ya Asante Mama

Ndola, Zambia
Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Najua utaitikia kwa sauti ukiwa peke yako na karatasi, kwa hiyo naendelea. Goti linakusumbuaje? Mvua mmepata huko Zombo? Mahindi ya bondeni utayavuna wewe au nyani wameshakutangulia? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio hautulii, na ndiyo maana nimekaa kwenye kivuli cha trela naandika kwa mkono kama mwanafunzi. Simu sitaki uipokee kwa jambo hili. Wewe simu unaiweka spika ua mzima usikie, na haya si ya ua mzima.

Niseme moja kwa moja, maana nikizunguka nitashindwa. Dada Zaituni kaniambia Shabani yuko hapo kwako, umemficha chumba cha nyuma, na ukiulizwa unasema mwanao wa mwisho ameenda Ifakara kutafuta vibarua. Mama, nakuomba umtoe. Soma mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Unakumbuka uliponipigia kunisifia mdogo wangu? Ulisema, "Shabani kakua sasa, kaniletea dumu zima la mafuta ya kupikia. Tajiri mmoja kampa kwa kumbebea mzigo." Ulicheka sana, ukasema na majirani watakula maandazi safari hii. Nami nilifurahi. Nilimwambia Zaituni kwamba huyu dogo na bodaboda yake ataanza kunizidi mimi na lori langu. Nilikuwa hapahapa Ndola, safari iliyopita, nasubiri kushusha mzigo. Siku iliyofuata video ikaingia kwenye grupu la madereva.

Kwenye video lori limelala ubavu, kupita Mikumi kidogo ukielekea Iringa. Madumu ya mafuta yamesambaa mpaka kwenye majani na watu wanabeba. Wanaume, wanawake, wengine wamefunga kwenye baiskeli, wengine wanaitana na kucheka kama wako mnadani. Nyuma yao kichwa cha lori kimepondeka, na ndani yake dereva amebanwa, bado yu hai. Dereva huyo ni Hamadi. Sura yake huijui, ila jina nimekutajia mara nyingi. Ndiye aliyenipikia uji kwenye jiko lake nilipougua malaria pale Tunduma, akakataa kuondoka mpaka niweze kusimama. Alikata roho palepale kabla gari la kuvuta halijafika.

Mwisho wa video kuna pikipiki inaondoka na dumu limefungwa nyuma. Mwendeshaji hageuki, amevaa singleti tu. Lakini kwenye raba ya madigadi kuna maandishi meupe, ASANTE MAMA, na ile S imepinda. Imepinda kwa sababu siku tunaiandika Shabani hakuwa na subira, alinivuta mkono akitaka kuwahi abiria. Nilijua palepale, Mama, na dumu ulilonisifia nikalijua.

Sijui kama mengine yamekufikia. Mtu mmoja alikata picha kwenye video ile, akazungushia maandishi duara jekundu, akaposti na kuuliza, "Nani anamjua huyu?" Basi nchi nzima ikawa inamtafuta Asante Mama. Ikawa utani. Mtu akikaanga samaki anaweka picha ya kikaango na kuandika asante mama. Wengine wakakutukana wewe, watu wasiokujua hata kwa jina, wakasema mama wa namna hiyo naye akamatwe. Nilitupa simu kitandani kwenye kabini, nikashuka, nikazunguka gari kukagua matairi ambayo nilikuwa nimeshayakagua, halafu nikapanda tena kusoma. Imekuwa ndiyo kazi yangu. Ninakula nasoma, niko kwenye foleni ya mpaka nasoma. Nimewahi kupigiwa honi na magari yote ya nyuma kwa sababu ya kusoma matusi ya mama yangu.

Kisha ikatoka picha ya pili. Pikipiki ileile, S ileile iliyopinda, lakini hapa lori ndiyo kwanza limeanguka. Shabani amegeuka, sura yote inaonekana, singleti imelowa damu. Nyuma yake amempakia utingo wa Hamadi, kijana anaitwa Yusufu, kichwa kimefungwa shati. Shati hilo nililijua pia, nilimnunulia Shabani mimi. Anamkimbiza hospitali.

Hapo ndipo watu walipogawanyika. Wakatokea wengine wakasema, "Huyu ni shujaa, mnamchafua kijana wa watu." Wale wa kwanza wakajibu kwamba picha ya kuokoa imetengenezwa. Hawa wakasema pikipiki ya dumu imeazimwa na mtu mwingine. Ugomvi ukaacha ajali ukaenda mbali: njaa, wizi, serikali, vijana wa siku hizi. Mmoja akaandika kwamba watu wa Kilosa ndivyo walivyo, na nina hakika Kilosa ameiona kwenye ramani tu. Hata grupu letu la madereva lilivunjika yakawa mawili, kila moja na picha yake, na mimi nimo kwenye yote mawili nimenyamaza kimya. Jina la Hamadi sikuliona tena. Walikuwa wanagombea mdogo wangu, kila upande unamtaka nusu.

Mama, picha zote mbili ni za kweli. Ile singleti yenye damu ndiyo hiyohiyo aliyovaa akiondoka na dumu, angalia mgongo utaona. Alimpeleka Yusufu hospitali, akarudi, akabeba mafuta.

Kwamba alimwokoa mtu, naamini, ndivyo ulivyotulea. Kwamba alichukua, naamini vilevile, dumu umelipokea wewe kwa mikono yako. Kinachonifanya nishindwe kukaa mahali pamoja ni kule kurudi. Hamadi alikuwa bado amebanwa pale. Shabani alimwona. Nimemkasirikia mdogo wangu, Mama, na hapohapo nikisoma mtu anamtukana nataka kumtafuta mtu huyo nimpige. Sijui niiweke wapi hasira yangu.

Wiki hii Yusufu aliingia hapa yadi, safari yake ya kwanza tangu ajali. Ana kovu kuanzia kwenye paji mpaka nyuma ya sikio. Tulikuwa tunakunywa chai madereva wa Kitanzania, na kama kawaida maneno yakaanza. Kuna mzee wa Mbeya tunamwita Babu Kona, alisema, "Huyo Asante Mama nikimkuta pale Mikumi namkanyaga na pikipiki yake."

"Umkanyage mtu aliyeokoa?" mwenzake akamrukia.

"Kaokoa nini? Mwizi yule!"

Yusufu akaweka kikombe chini. "Jamani, aliyebebwa ni mimi. Mbona mimi hamniulizi?"

Wakamgeukia.

"Alivua shati lake akanifunga kichwa," akasema. "Njia nzima ananipigia kelele, 'Usilale, we bwana! Mkeo anaitwa nani? Nitajie mkeo!' Mimi sina mke, nikawa namtajia mama. Tulipofika kawadanganya manesi kwamba sisi ni ndugu, ili nisicheleweshwe. Halafu huyohuyo karudi kubeba mafuta yetu na Hamadi yuko pale anakufa. Sasa niambieni, huyo ni mtu gani? Maana mimi nimeshindwa."

"Kwa hiyo wewe uko upande upi?" mmoja akauliza.

"Nimeshonwa kichwa, kaka. Sina upande."

Sikupanga kusema. Nilisikia tu sauti yangu: "Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Babu Kona alinikazia macho. "Rajabu," akasema, "siku zote hizi unakula na sisi, unatusikiliza?" Nikamwambia ndiyo, nimekula na nyie, nimewasikiliza. Akainuka akaacha chai yake. Tangu hapo wengine hawanisalimii, na mmoja ameniondoa kwenye grupu. Simlaumu. Ila nimepumua, Mama, kwa mara ya kwanza tangu video ile.

Sasa sikia ninachokuomba. Polisi wamekwisha kuwachukua watu kadhaa kwa kuwatambua kwenye picha. Jina la Shabani sasa linajulikana, na kijiji kitajulikana. Nikiwaza watu wenye hasira wafike hapo kabla ya polisi, nawe uko peke yako na goti lako, napata wazimu. Mjomba ndiye mwenye kauli kwetu. Mwite. Yeye na Shabani waende kituoni mchana watu wakiwaona, na yale mafuta yaliyobaki wayabebe. Yaliyoliwa yameliwa, nawe useme Shabani alivyokuambia alipolileta dumu. Shabani asiseme alipewa na tajiri. Aseme alimbeba Yusufu, aseme na dumu alilibeba, asiache hata moja. Tutajua huko mbele kama ni jela au vipi. Akifungwa nitaomba ruhusa nije nikulimie mimi, jembe sijalisahau.

Zaituni ameniambia pia kuna kijana kutoka Morogoro anataka kuja kumrekodi Shabani aeleze upande wake, eti watu watamchangia. Mkatae. Mpe maji ya kunywa, umshukuru, arudi alikotoka. Shabani akishaongea mbele ya kamera ile, watamkata tena vipande.

Msalimie sana Mjomba na mke wa Mjomba, umwambie asinisubirie simu, amwahi Shabani. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto na watoto wake. Jirani yetu uliyempelekea maandazi msalimie kwa heshima zote, na ukiweza mweleze kabla hajaelezwa na wengine. Dada yangu Zaituni mwambie namshukuru kwa kutonificha mambo, na kwamba asiposti chochote, hata cha kumtetea.

Lingine nimeliacha mpaka hapa kwa sababu nilijua ukilisoma hutaendelea kusoma. Huyo kijana aliyekuletea barua, uliyemkaribisha kwa sababu ni mgeni na umeona kovu lake ukamwonea huruma, ndiye Yusufu. Aliniomba mwenyewe nimwelekeze, na kijiji nimemtajia yeye peke yake. Hakuja kudai mafuta na hakuja na polisi. Siku ile alipopakiwa kwenye pikipiki alimwacha Hamadi anaongea. Mke wa Hamadi anampigia simu kila siku anamuuliza mumewe alisema nini mwisho, naye hana la kumjibu, na wote waliokuwa pale walikuwa na kelele za madumu. Shabani alirudi, akapita karibu na kile kichwa cha lori. Huenda alisikia kitu.

Mfungulie, Mama. Atoke amsalimie mgeni, amwambie.

Ni mimi mwanao,
Rajabu