Nilichotafsiri Siku Tulipokuzika

Rosettenville, Jumapili, 9 Machi 2025
Mwaka wa ishirini na saba tangu nitoke Uvira. Mwezi wa nne tangu tukuzike.

Bahati, rafiki yangu,

Saluni yako bado ipo. Mama Furaha ndiye anayeiendesha sasa, na ameitupa ile mashine ya kukaushia nywele iliyokuwa ikinguruma. Jumapili baada ya ibada tunakaa vilevile kwenye viti vya wateja na kutazama marudio ya tamthilia ya wiki nzima. Bado wananiuliza, "Mwalimu, bale banasema nini?" Wengi wetu tumezeekea hapa bila kukijua Kizulu. Wewe ulikijua kuliko mimi, ulikiokota kwa wateja wako, lakini kwa kuwa mimi ni mkubwa wako na nilifundisha historia kule nyumbani, uliniachia kazi ya kutafsiri.

Nakuandikia kuhusu kazi hiyo.

Unakumbuka miaka ya kwanza. Mwanamume anayependa wanaume alionekana kwenye runinga kwa dakika mbili, akipita mahali fulani huku amelegeza mkono na kubana sauti. Watu wakacheka, akaondoka. Hakuwa na mama, hakuwa na nyumba, hata jina la ukoo hakupewa. Huyo nilimtafsiri neno kwa neno, tena nikaiga sauti yake. Mama Furaha alicheka mpaka akashika mbavu. Wewe nawe ulicheka, huku ukifagia sakafu ambayo siku hiyo haikuwa na nywele.

Halafu waandishi wa tamthilia wakabadilika. Akaja yule daktari na mwanamume mwenzake: wanapika, wanagombana ni nani aoshe vyombo, mama wa mmoja anakuja kuwatembelea na kukagua jiko. Wakaja wasichana wawili waliopendana, na baba aliyemfukuza binti yake kisha akamtafuta kila mtaa. Yakawa mambo ya watu. Hapo ndipo nilipoanza kudanganya. Nilisema yule mwenzi wa daktari ni binamu yake. Wazee wa familia mbili walipoketi kujadili mahari ya wanaume wale, nilisema wanagombania shamba. Walipobusiana nilikuomba chai. Ukaileta, ukaniinamia na kusema, "Eish, Mwalimu, leo umetafsiri kama pasta." Nilicheka. Nilijifanya kwamba ni utani.

Hii ndiyo aibu yangu, Bahati. Walipofanywa kichekesho nilikuwa mkweli. Walipopewa heshima ndipo ulimi wangu ukapinda.

Nami nilijua kuhusu Themba. Nilimwona akikungoja garini kwenye robot, zile taa za barabarani, ikawa kijani mara mbili asiondoke, madereva nyuma yake wakipiga honi. Uliniambia ni mwenye nyumba wako kule Soweto. Nikashukuru moyoni kwamba umenidanganya.

Siku ya mazishi, katika ukumbi wa kanisa letu mjini, Themba alisimama na kofia yake mkononi. Pasta akaniita nitafsiri. Themba alisema kwa Kizulu, polepole, ili nisikose neno: "Nimeishi na Bahati miaka kumi na mmoja. Alikuwa mume wangu. Ni mimi niliyemfumba macho."

Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama. Nikasema, "Anasema Bahati alikuwa mpangaji mwema, asiye na makelele."

Wakasema amina. Themba akadhani amina ile ni yake. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.

Na kwa kuwa alikuwa mwenye nyumba tu, Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwake kukusanya vitu vyako tumpelekee dada yako Uvira, kama ilivyo desturi yetu. Tulichukua nguo, mikasi, redio. Tulichukua hata blanketi lililokuwa kitandani. Themba alitusaidia kubeba. Alidhani ndivyo sisi tunavyowafanyia wajane. Nilimwona akilikunja lile blanketi, pembe kwa pembe, nami nikalipokea.

Wiki tatu zilizopita nilipanda teksi mpaka Soweto nikamweleza yote. Akauliza, "Kwa hiyo, mzee, waliitikia amina kwa lipi?" Kisha akaniuliza kama nimekula.

Leo mchana, kabla ya tamthilia kuanza, niliizima runinga nikasimama mbele yao. Niliwaambia alichosema Themba, kama alivyokisema. Mzee Kalume alichukua Biblia yake. "Usinitafsirie tena kitu," akasema, akatoka. Wengine wakatazama sakafu. Mama Furaha ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini ambayo si yake: "Mwalimu. Lile blanketi... tulilitoa kitandani mwao?"

Nikasema ndiyo.

Akajifunika uso kwa kitenge. Sijui alikuwa akilia nini: wewe, au blanketi, au mimi. Sikumuuliza. Hakuna aliyeiwasha runinga tena.

Dada yako hunipigia simu kila wiki. Anasema vita au amani, nyumba ya baba yenu ina chumba changu, nirudi nizeekee kwetu, nije nimsimulie ulivyoishi. Jioni hii nimemwandikia naye, sentensi zilezile tatu za Themba, bila binamu na bila shamba. Huenda hatanipigia tena.

Nakuahidi jambo moja. Kila mwanzo wa mwezi nitakwenda kwa Themba. Mtu wa kwenu akitaka kusema naye, nitakaa katikati yao na kupitisha kila neno, hata la matusi. Hakuna mwingine wa kuifanya kazi hiyo, na mimi ndiye niliyeiharibu.

Kwaheri, Bahati. Siombi unisamehe upesi. Nimewaambia wenye nyumba wangu hapa Rosettenville kwamba chumba hiki nabaki nacho. Uvira sirudi.